Mgonjwa wa Mtihani

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo asubuhi, na paa la kliniki limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti cha tatu. Sista ameweka ndoo. Nimeiangalia ikijaa, sikuwaza kitu.

Kamusi anasema mtu anayerudia mtihani wa mwisho lazima aandike shajara, la sivyo ataanza kuongea na ukuta. Kamusi ni mwenzangu wa mafunzo, mwaka huu tumebaki wawili tu. Tunamwita hivyo kwa sababu kila ugonjwa wa kinywa anaujua kwa jina, ukoo na mahali ulipozaliwa. Nimemwambia kwamba na ukuta nilishaanza kuongea, na unanisikiliza kuliko Profesa. Basi naandika.

Mambo yako hivi. Mimi ni daktari wa meno. Miaka mitatu sasa nipo hapa nasomea magonjwa ya kinywa, yale yasiyoisha kwa kung'oa jino. Mwisho wa Mei kuna mtihani. Kila mtahiniwa analeta mgonjwa wake mwenyewe, aliyemtibu kwa mkono wake, na ambaye dalili zake bado zinaonekana. Watahini wanamwangalia, kisha wanakuuliza mpaka jasho likutoke. Ukikosa mgonjwa, au kinywa chake kikiwa kimeshakuwa safi, anachukuliwa mtu yeyote kwenye foleni ya asubuhi ile, unapewa saa moja. Mwaka jana mgonjwa wangu hakutokea. Nikapewa wa foleni, nikasimama mbele yake kama mlingoti, sikuuliza hata jina. Mama alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Ukianguka mara mbili, unafunga virago.

Watu wananiuliza kama nimepoa. Nimepoa sana. Nimepoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Vinywa vingi. Hakuna kitu.

Alhamisi, Machi 6

Baba anakaa kwangu tangu msiba. Meno yake ya bandia hayavai, yako kwenye bilauri juu ya friji, yanatucheka kila tukifungua mlango. Binti daktari wa meno, baba kibogoyo. Majirani wamepata la kusema.

"Baba, vaa meno."

"Nakwenda wapi?"

"Kula."

"Supu haitafunwi."

Mama hamtaji. Asubuhi anapiga viatu kiwi, anasikiliza taarifa ya habari, anabishana na msomaji, basi. Nadhani yeye ameshamaliza. Wengine wamejaliwa.

Jumatatu, Machi 10

Leo amekuja mtu mrefu, mwembamba, anaongea kama redio iliyoachwa wazi. Amekaa kiti cha tatu, na kila tone likidondoka kwenye ndoo anasema, "Kona." Ni refa wa ligi ya wilaya. Mkewe amekuja naye, amebeba chupa ya supu na mrija.

"Tatizo lako nini?" nikamuuliza.

"Filimbi," akasema. "Nikiipuliza, ngozi ya mdomo inabaki kwenye filimbi. Sasa daktari, refa bila filimbi ni nani? Ni mtu mzima aliyevaa kaptula."

Mkewe hakucheka. "Tangu mwaka jana," akasema. "Wamempa dawa ya fangasi, wakampa tena, wakabadilisha rangi ya chupa wakampa tena. Usiku halali. Kula kwake ndiyo huu mrija."

Nikawasha taa. Ndani ya mashavu yote mawili na juu kwenye kaakaa ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, utadhani kanywa maji yanayochemka. Nikasugua ufizi kidogo kwa pamba, pale palipoonekana pazima, na ngozi ikateleza ikatoka. Hapo nikajua. Ugonjwa unaitwa pemfigasi. Kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kumbandua ngozi. Ni adimu. Zamani uliua karibu kila uliyempata, ukimwacha unaua hata leo. Lakini kuna vidonge vya steroidi, vinavyoituliza hiyo kinga, na mtu akivipata sawasawa anapona, anarudi kupuliza filimbi yake.

Nilipaswa kumwonea huruma. Nilichowaza, na nakiandika kama kilivyokuja, ni hiki: huyu hapa.

Jumatano, Machi 12

Nimemkata vipande viwili ndani ya shavu, kimoja cha darubini ya kawaida, kingine cha kipimo cha rangi kinachoonyesha kinga inaposhambulia. Nilitegemea atanyamaza angalau nusu ya mdomo ikiwa imekufa ganzi. Wapi. Amenisimulia fainali moja iliyochezwa kwenye tope, mwanzo mwisho, mate yakimchuruzika.

"Mtu akinitukana uwanjani sijali," alisema. "Kinachonikera ni faulo ya kichinichini. Mtu anakanyaga mwenzake halafu ananitazama na uso wa sala."

Nikamwambia aume pamba.

Alhamisi, Machi 13

Mvua. Baba hajavaa meno.

Jumatatu, Machi 17

Mvua. Sista ameongeza ndoo ya pili.

Ijumaa, Machi 21

Majibu yametoka. Pemfigasi, haina ubishi. Profesa ameangalia picha, akasema, "Mgonjwa mzuri," kwa ile sauti anayotumia kwa magonjwa tu. Akaniambia nifanye vipimo vya kuanzia dawa, kisha nianze dozi kama ninavyojua. Akaondoka na mwavuli wa mtu.

Kwenye chumba cha chai Kamusi alinimiminia kikombe. "Dada, una bahati ya mwizi," akasema. "Mgonjwa wa vitabuni kabisa, Machi, miezi miwili kabla ya mtihani. Ila chonde, usije ukamponya kabla ya Mei."

"Eti nini?"

"Mwache aive kwanza. Kufa kufaana." Akachovya biskuti, ikakatikia ndani, akaanza kuiwinda kwa kijiko.

Nilicheka. Nilisikia mtu anacheka, nikagundua ni mimi.

Jumatatu, Machi 24

Kabla ya steroidi lazima upime sukari, presha na kifua. Hiyo ni kanuni, si mimi niliyeitunga. Vyote vinaweza kuisha kwa siku mbili tatu. Nimempangia sukari leo, kifua Alhamisi, presha wiki ijayo. Kila kimoja na siku yake.

"Wewe daktari una utaratibu," Refa akaniambia. "Wale wengine walikuwa wanarusha dawa kama wanalisha kuku."

Nimempa dawa ya kusukutua. Inapoza, haitibu.

Ijumaa, Machi 28

Picha ya kifua ni safi. Nimemwambia tusubiri Profesa aione. Profesa hakuhitaji kuiona.

Ningetaka kuandika hapa kwamba roho inanisuta. Nimeitafuta hiyo roho. Nawachoma watu ganzi kila siku na najua baada ya saa chache inaisha, mtu anaanza kuuma mdomo wake mwenyewe. Hii yangu ni ya namna nyingine.

Jumatatu, Machi 31

Nimeanza vidonge. Vitatu kwa siku. Kwa mtu wa uzito wake vinatakiwa kumi na zaidi. Dozi hii inazima kibiriti, haizimi nyumba inayoungua.

"Tunaanza taratibu," nikamwambia.

"Taratibu ndiyo mwendo," akajibu. Mkewe akaniuliza atakula lini. Nikasema tuone.

Jumatano, Aprili 2

Mvua. Vinywa.

Jumatatu, Aprili 7

Refa amekuja na mkanda alioutoboa kwa msumari, maana matundu yake ya asili yameisha. Ananiambia wikendi alikwenda uwanjani. Hawezi kuchezesha, kwa hiyo walimpa ule ubao wa kuonyesha namba za wachezaji wanaobadilishwa. Alisimama pembeni na mvua yake, akanyanyua ubao mara nne.

"Ubao haupulizwi," akasema, akajaribu kutabasamu, na kona ya mdomo ikapasuka. Akaifuta kwa leso kabla sijaona. Niliona.

Nimempiga picha kwa ajili ya kumbukumbu za mtihani. Zimetoka vizuri sana.

Alhamisi, Aprili 10

Baba anaongea na msomaji wa habari kuliko na mimi. Leo kamwambia, "Wewe hujui lolote, kijana." Meno yako kwenye bilauri.

Jumanne, Aprili 15

Kamusi anaweka vitu vyake kwenye sanduku, anahamia meza ya dirishani. Ili tu niseme kitu, nikamuuliza mgonjwa wake wa mtihani anaendeleaje, yule bibi wa vidonda vya ulimi.

"Amepona," akasema. "Wiki iliyopita. Ulimi kama wa mtoto mchanga. Amenibusu mkono, nikaona aibu mimi."

"Sasa mtihani?"

"Nitachukua wa foleni, nitafanyaje? Liwalo na liwe."

"Si wewe uliyesema tusiwaponye?"

"Niliyesema nini?"

"Mwache aive. Kufa kufaana."

Alikuwa ameshika rundo la vitabu. Akaviweka chini kimoja kimoja, kana kwamba vina mayai ndani. "Dada, ule ulikuwa utani," akasema. "Nilitaka ucheke. Ulikuwa hujacheka tangu msiba."

"Najua ulikuwa utani," nikasema.

"Unajua, eh?"

"Najua."

Nikaenda kunawa mikono. Muda wote huu nilikuwa namwona Kamusi ni mtu asiyejali, hodari wa majina tu, na mimi ndiye mwenye uzito. Yeye alinitania nicheke, mimi nikachukua utani wake nikautekeleza. Nikarudi, tukaongea habari za dirisha.

Jumatano, Aprili 16

Jioni Baba alikuwa anamenya viazi. Humenya vibaya, ganda linaondoka na nusu ya kiazi. Nikakaa mbele yake. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, labda kwa sababu hasikilizi.

"Baba, nina mgonjwa. Sitaki apone haraka. Akipona, mimi nitaanguka mtihani."

Aliendelea kumenya. Nikadhani hajasikia, maana redio ilikuwa inapiga kelele. Akaizima. Mzee huyu sijawahi kumwona akizima redio taarifa ya habari ikiendelea.

"Anaumwa sana?"

"Anakula kwa mrija."

"Na dawa ipo?"

"Ipo."

Akachukua kiazi kingine, akakigeuzageuza. "Mama yako naye alikuwa mgonjwa wa mtu," akasema.

Nilitaka kumjibu kwamba si sawa, kwamba Mama hakucheleweshwa na mtu. Kisha nikatambua kwamba sijui. Siku zile zote nilikuwa huku, zamu yangu, nikiangalia vinywa vya watu. Aliyekuwa kwenye benchi la hospitali ni Baba.

"Kulikuwa na daktari kijana," akasema. "Mpole. Kila siku anatuambia tuone, tuone. Mimi nikamwamini. Hata leo namwamini. Nikiacha kumwamini nitakwenda wapi?" Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Yale meno mama yako ndiye alikuwa ananiambia niyavae. Asubuhi kabla ya salamu. Sasa nikiyavaa ninayasikia mdomoni kutwa nzima."

Nilichukua kisu kingine, tukamenya wote. Nimekuwa nikimwona Baba mtu aliyemaliza. Kumbe tulikuwa nyumba moja kila mtu na chake.

Alhamisi, Aprili 17

Nimemwita Refa kabla ya siku yake. Dozi kamili, kuanzia leo. Nimemweleza kila kitu: njaa itakuja, uso utajaa, usingizi utapungua. Nimemwambia mara tatu kwamba dawa hizi haziachwi ghafla, zinapunguzwa pole pole na daktari, kwa sababu mwili unazitegemea, ukizikata unaporomoka.

"Mbona leo umekazana hivyo, daktari?"

"Tumeona taratibu haitoshi."

Sikumwambia zaidi ya hapo.

Jumatatu, Aprili 21

Mvua. Hakuna jipya. Kamusi ananiangalia anapodhani simwoni.

Ijumaa, Aprili 25

Malengelenge mapya hakuna. Ya zamani yamekauka pembeni.

Jumatatu, Mei 5

Leo Refa amekula mkate mbele yangu, na ganda lake. Mkewe alisimama mlangoni mkono mdomoni. Alipomeza, yule mama alikuja akanishika mikono yote miwili, glavu zangu zikiwa na mate ya mumewe, akasema, "Mungu akuweke, mwanangu."

Niliandika kwenye faili: ana nafuu. Nilijua kwamba hili lingekuwa limeshatokea mapema Aprili.

Jumatatu, Mei 12

Kaakaa limefunga. Shavu la kulia limefunga. La kushoto limebaki na mkwaruzo ambao hata Sista na macho yake mazima hakuuona. Refa ameshanenepa uso, anasema watoto wake wanamwita Bwana Mwezi. Leo nilipaswa kumpa fomu atie sahihi ya kukubali kuja kwenye mtihani, akauliza maswali.

"Hao watahini wanataka kuona nini?"

"Vidonda."

"Na vikiwa vimepona?"

"Nitapewa mgonjwa mwingine, wa foleni."

"Huyo wa foleni unamwezea?"

"Mwaka jana ndiye aliyeniangusha."

"Na ukianguka tena?"

"Naondoka. Lakini hayo si yako, usijali."

Akanyamaza. Kwake hilo ni jambo la kuandikwa. Kisha akatia sahihi, akasema watu wawili hawawezi kupata kona moja, sijui alimaanisha nini. Nimekubali kuchukua wa foleni. Sijambo. Nimerudia vitabu mpaka macho yanawaka.

Jumatatu, Mei 19

Refa hakuja. Amepiga simu: "Niko salama, daktari. Tuonane siku ya mechi." Sauti ilikuwa chini. Nikadhani ni mtandao mbaya.

Mvua inapungua.

Jumatatu, Mei 26

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma za kliniki, nguo za mtihani bado mwilini.

Asubuhi nilifika mapema. Refa alikuwa ameshafika, ameketi ukumbini, mkewe amemshika kiwiko. Suti ya kijivu, tai, na uso wenye rangi ileile ya suti. Jasho lilimtoka na kulikuwa na baridi. Aliponiona akasimama, magoti yakamwangusha, akakaa tena.

"Daktari," akasema. "Nimekuletea."

Akafungua mdomo hapohapo ukumbini. Mashavu yote mawili. Kaakaa. Chini ya ulimi. Kila kitu kilikuwa kimerudi, kibichi, chekundu, kama siku ya kwanza na zaidi. Kwa kitambo kifupi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

"Dawa umemeza lini mara ya mwisho?"

"Nimeziweka pembeni kidogo."

"Lini?"

"Niulize mimi," mkewe akasema. "Ijumaa ya wiki juzi. Nimekuta anazificha kwenye kiatu. Ameniapisha nisipige simu. Tangu juzi anatapika."

Nikampima presha. Ilikuwa chini mno, nikapima tena kwenye mkono mwingine, ikawa ileile. Nikaogopa. Tangu msiba sijaogopa kitu, leo nimeogopa mpaka masikio yakaziba. Nikamwita Sista alete kiti cha magurudumu na aiambie wodi iandae dripu.

"Baada ya mtihani," Refa akasema.

"Sasa hivi."

"Daktari, tumalize mechi kwanza. Saa mbili tu."

"Mwili wako umeishiwa. Ukikaa hapa saa mbili unaweza kufa kwenye hiki kiti."

"Nimeumwa siku zote hizi ili uje uniambie nenda?" Alikuwa anatetemeka, lakini alitabasamu, na mdomo ukatoa damu. "Sikiliza. Wewe umenihangaikia tangu Machi. Vipimo, picha, kunipigia simu. Mimi nishindwe kuumwa wiki moja kwa ajili yako? Mtu akikutendea wema unamlipa."

Alishika mikono ya kiti cha ukumbi kwa nguvu. Sista alijaribu kumwinua, hakuinuka. Mkewe alimsihi, hakuinuka. Niliona kwamba hataondoka. Anajiona ana deni kwangu, na mtu wa haki kama huyu deni halikimbii.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Sikukuhangaikia," nikasema. "Vile vipimo vya Machi vingeisha siku tatu. Nilivivuta. Dozi ya kwanza ilikuwa ndogo, na nilijua ni ndogo nilipokuwa naiandika. Nilitaka vidonda vyako vifike Mei, kwa ajili ya leo. Hiki ulichojifanyia siku kumi, mimi nilikufanyia karibu mwezi mzima. Huna deni kwangu hata kidogo. Twende wodini."

Mvua ilikuwa imekata, kwa hiyo kila mtu ukumbini alisikia.

Refa aliniangalia usoni, akaangalia mikono yangu, kisha akaachia kiti. Akainuka mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha magurudumu, akaweka miguu yake pale inapowekwa.

"Anasema nini huyu?" mkewe akamuuliza. Kisha akanigeukia mimi. "Mimi nilikuwa nakuombea," akasema. "Kila siku. Kabla ya watoto wangu nilikuwa nakuombea wewe."

Nilimsukuma mimi hadi wodini. Nilitafuta mshipa mimi. Nikamchoma sindano ya kwanza ya steroidi, nikafungua dripu, nikakaa naye mpaka presha ilipoanza kupanda. Muda wote huo alikuwa ameangalia dari. Sista akaja mlangoni, akasema watahini wameingia.

"Mgonjwa wako yuko wapi?" Profesa akauliza.

"Wodini. Naomba wa foleni."

"Kama mwaka jana."

"Kama mwaka jana."

Wakaniletea mama mmoja wa makamo, mkoba kifuani, ulimi unaomuwaka moto tangu mwaka juzi. Nikaangalia kinywa chote, kilikuwa kizima kabisa. Akasema madaktari watatu wamemwambia ajikaze. Mwaka jana nilisimama. Leo nilivuta kiti, nikamwambia anieleze moto wenyewe, unaanza saa ngapi, unapoa kwa nini, akiamka uko wapi. Aliongea saa nzima. Watahini waliporudi nikasema, "Sioni kitu, na ninamwamini," kisha nikawaambia ni ugonjwa gani, umejulikanaje na tutaanzia wapi kumtibu. Sijui walifikiri nini. Kichwa changu kilikuwa wodini.

Baadaye nilimfuata Profesa ofisini, nikamweleza yote, kuanzia Machi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Matokeo ni ya mtihani," akasema. "Hilo lingine ni la kamati. Jumatatu, saa tatu."

Jumanne, Mei 27

Nimefaulu.

Kwa mgonjwa wa foleni. Maana yake ni kwamba sikumhitaji Refa. Mwisho wa Machi na nusu ya Aprili aliumwa bure, hata kwa hesabu yangu chafu aliumwa bure. Kamusi naye amefaulu. Alikuja kunikumbatia, akashindwa afanye nini na mikono yake. "Laiti ningefunga mdomo siku ile ya chai," akasema. Nikamwambia yeye alitania tu, aliyetenda ni mimi.

Baba ameuliza imekuwaje. Nimemwambia nimefaulu. Akauliza, "Na yule wa mrija?"

Alhamisi, Mei 29

Kamusi ndiye daktari wa Refa sasa. Lakini leo ameitwa upasuaji, na kinywa cha pemfigasi kinaangaliwa kila asubuhi, hakingoji mtu. Sista amenitafuta kote, akanikuta stoo. "Ni wewe tu uliyepo," akasema. Hakuipamba sauti.

Refa yuko kitanda cha mwisho. Mkewe aliponiona alichukua bakuli akatoka, tukapishana mlangoni bila salamu. Nikasimama kando ya kitanda na tochi na kijiti cha mbao.

"Shikamoo," nikasema. Miezi mitatu tumeamkiana kwa mzaha tu, leo ndilo neno lililotoka.

Hakuitikia. Mtu huyu alikuwa akiongea hata na kioo kikiwa kinywani.

"Nikishaangalia nitaondoka," nikasema. "Mchana atakuja mwenzangu."

Aliendelea kuangalia dari. Kisha akafungua mdomo.

Nikawasha tochi. Kaakaa limeanza kufunga pembeni. Nilitaka kuona nyuma ya shavu la kulia, lakini mwanga ulikuwa unarukaruka, nikadhani betri zinakwisha. Ulikuwa ni mkono wangu. Nilikuwa nalia, nadhani tangu mlangoni. Nikasema, "Samahani," nikataka kuzima tochi, nimwite Sista.

Refa akainua mkono, ule usio na dripu, akanishika kifundo cha mkono. Hakuniangalia. Alinishika tu, kwa nguvu, mpaka mwanga ukatulia. Nikamaliza upande wa kulia, nikahamia wa kushoto.